Siku moja maishani mwangu: mashine iliyoogopa baridi

Saa 11 na nusu alfajiri simu ilitetemeka juu ya stuli kabla ya kengele niliyoitega. Mteja wangu wa Kayole. "Fundi, habari ya asubuhi. Mashine imerenda video ya harusi masaa matatu usiku, haikusumbua. Saa hii nimefungua WhatsApp tu, ikazima na kujiwasha yenyewe."

Nilisoma ujumbe mara mbili nikiwa ndani ya blanketi. Asubuhi za Julai hapa Nairobi hazimpi mtu sababu ya kutoka humo, ila ujumbe ule ulinitoa. Kompyuta inayoanguka ikibebeshwa mzigo naipata kila wiki: vumbi, grisi iliyokauka, pawasaplai iliyochoka. Inayobeba mzigo usiku kisha ikaanguka ikiwa imekaa tu, huo ni ugonjwa mwingine kabisa. Nikamwandikia aniletee saa 3 na asiguse kitu.

Saa 12 na robo nilikuwa ndani ya matatu namba 58 kutoka Buruburu. Manyunyu kidogo tu na makanga ameshapandisha nauli. Jogoo Road ilikuwa Jogoo Road.

Saa 2 nikafungua. Kibanda changu kiko orofa ya 2 katika jengo moja la Luthuli Avenue, hatua tatu kwa mbili, na jirani yangu anauza spika. Kwa hiyo natafuta hitilafu za kompyuta huku besi ikitikisa bisibisi mezani. Mama wa chai alipita na chupa yake, nikanywa ya tangawizi na mandazi mawili.

Saa 3 na dakika 10 mteja akaingia. Mashine alikuja nayo kwa boda, ameifunga shuka kama mtoto anayepelekwa kliniki. Ni kijana wa ishirini na kitu, mchana anahariri video za harusi, usiku anacheza gemu.

"Ilianza lini?"

"Tangu nisasishe BIOS, fundi. Wiki mbili sasa."

"Na kabla ya hapo?"

"Mwaka mzima haijawahi kuzima. Na mipangilio nimerudisha ileile. Nilipiga picha zote."

Kweli alikuwa amezipiga, 14, kila ukurasa. Hapo nilimheshimu. Ukiweka BIOS mpya, yaani programu ya bodi inayoiamsha mashine, kwa kawaida mipangilio yako hurudi ya kiwandani, na profaili ulizohifadhi humo ndani mara nyingi hufutika au toleo jipya huzikataa. Wengi hugundua baada ya kazi kuharibika. Na wala hakukosea kusasisha. Alikuwa amesoma, kwa kuchelewa, habari za Sinkclose, kasoro ya usalama ya prosesa (ubongo wa kompyuta) za kampuni ya AMD iliyotangazwa Agosti 2024, ambayo dawa yake kwa prosesa za aina yake huja ndani ya BIOS.

Mashine yenyewe: Ryzen 7 5800X yenye viini 8, bodi ya B550, RAM ya GB 32 aina ya DDR4 inayokimbia 3600. Kijana ni mtu wa ovakloki, yaani kuikimbiza prosesa kupita kasi ya kiwandani. Kwa asiyezijua, prosesa hizi siku hizi watu hawazikimbizi kwa kuziongezea volti kama zamani. Wanafanya kinyume. Kwenye kipengele kiitwacho Curve Optimizer unaiambia ikubali volti pungufu kwa kila kasi, na kwa kuwa imebakiwa na nafasi ya joto na ya umeme, inapanda yenyewe juu zaidi. Kila hatua ni kama milivolti 3 hadi 5. Yeye alikuwa ametoa hatua 20 kwenye kila kiini, yaani milivolti 60 hadi 100, na juu yake akaongeza dari ya kasi kwa MHz 150. Sawa na kumpunguzia mpagazi ugali, kisha ukamwambia apande ghorofa moja zaidi.

Saa 3 na nusu nikafungua kumbukumbu za matukio za Windows. Kernel-Power 41 ilijaa ukurasa mzima, na watu huishia hapo wakanunua pawasaplai mpya. Tukio hilo linasema tu kwamba mashine ilizimika bila kuaga. Wa kumsikiliza ni WHEA-Logger, mwandishi wa makosa ya vifaa. Huyo alikuwa ameandika tukio namba 18 mara 11, na kila mara akataja APIC ID, namba ya uzi wa prosesa uliokosea: 4, 5, 4, 4, 5. Mara moja tu 10. Kila kiini kina nyuzi 2, yaani njia mbili za kupitishia kazi, kwa hiyo 4 na 5 ni za kiini kimoja, cha 2 ukianza kuhesabu na sufuri. Na 10 ni ya kiini cha 5.

Nikamwonyesha saa za matukio hayo. Saa 12 asubuhi, saa 11 na dakika 50 alfajiri, saa 12 na nusu. Mchana, mara mbili tu katika wiki mbili.

"Asubuhi ndiyo nawasha kwanza," akasema.

"Na dirisha?"

"Liko wazi. Nikilifunga chumba kinanuka rangi."

Nilikuwa nimeanza kumshuku mtu, lakini fundi akikimbilia mshukiwa wa kwanza hulala na mashine ya watu kibandani siku tatu. Nikarudisha kila kitu cha kiwandani, nikawasha kasi ya 3600 ya RAM peke yake, nikaanzisha MemTest86, programu ya kupima RAM, kutoka kwenye flashi. RAM hushukiwa kwa haki baada ya kusasisha, kwa sababu bodi huanza upya kujifunza namna ya kuongea nayo.

Ikiwa inazunguka nikapitia zile picha 14. Na picha ya 6 ndiyo iliyonifanya niweke kikombe chini. Volti ya SoC, sehemu ya prosesa inayoongea na RAM: Auto. Ukazaji wa volti chini ya mzigo: Auto. Vipengele 9 kwa jumla vimeandikwa Auto, na kwenye BIOS mpya navyo alivirudisha Auto, kwa uaminifu mkubwa. Ila Auto si namba. Ni sawa na kumwambia mpishi "chumvi kiasi", halafu mpishi akabadilishwa. Picha ni ileile, mchuzi si uleule.

Hata ile 20 aliyoitoa ina shida hiyohiyo. Unatoa 20 kwenye nini? Ndani ya faili ya BIOS mna AGESA, kifurushi kutoka AMD, na humo mna programu ya kidhibiti kidogo kinachoamua prosesa ipande vipi na lini. Kifurushi kikibadilika, namna ya kupanda nayo inaweza kubadilika, na 20 yako inakatwa mahali pengine.

Saa 6 mchana RAM ilikuwa imemaliza mzunguko bila kosa hata moja. Nikaiacha iendelee, maana mwalimu mmoja alikuwa mlangoni na laptopu inayomdai ufunguo wa tarakimu 48. Naye alikuwa amesasisha BIOS, mwanawe alimbofyea. BitLocker, kufuli ya diski ya Windows, ikiona chini ya nyumba pamebadilika, inamwomba mwenye nyumba kitambulisho. "Kaka, niambie tu kama maswali ya mtihani yamepotea." Hayakupotea. Ufunguo ulikuwa kwenye akaunti yake ya Microsoft, tukausoma kwenye simu yake, yeye akinitajia tarakimu sita kwa sita, mimi nikibonyeza. Dakika 15. Nilikataa pesa, akaniachia ndizi tatu.

Saa 7, chapo madondo kibandani chini, mteja amelipa.

Saa 8 nikamrudishia mipangilio yake yote kama ilivyokuwa kwenye picha, kwa sababu ugonjwa usiouona kwa macho yako huwezi kusema umeuponya. Kwanza mzigo mzito, viini vyote 8, nusu saa. Umeme ukapanda ukagonga kikomo cha wati 142 na ukakaa hapo. Hakuna kilichotikisika isipokuwa bisibisi, na hiyo ni kazi ya jirani.

"Umeona?" kijana akasema. "Haiwezi kufa ukitaka ife."

Nikasimamisha mzigo. Nikafungua dirisha, nikatoa kifuniko cha kesi, nikaacha upepo wa Julai uingie. Nairobi iko takriban mita 1,795 juu ya usawa wa bahari, hewa yetu nyepesi hubeba joto kidogo kuliko ya Mombasa, lakini mwezi huu inafidia kwa ubaridi wake. Joto likashuka hadi nyuzi 31. Kwenye HWiNFO, programu ya kuonyesha joto na kasi, nikawa natazama kiini cha 2 peke yake. Dakika moja ya kimya. Nikafungua kivinjari. Kasi ya kiini cha 2 ikaruka GHz 4.7, 4.85, 4.97, skrini ikawa nyeusi, feni zikapumua, nembo ya bodi ikarudi.

Kijana alishika kichwa. Mimi, nakiri, nilifurahi.

Tukio jipya: 18, APIC ID 5.

Mambo yenyewe ni haya. Viini vyote vikifanya kazi pamoja, kasi inashuka, na kwenye kasi hiyo volti pungufu bado inatosha. Vikipumzika na kimoja kikaamshwa ghafla kufungua WhatsApp, hicho kimoja kinaruka hadi kileleni, na huko ndiko kunakohitajika kila milivolti. Prosesa hizi pia hujiruhusu kupanda zaidi zikiwa baridi. Na kiini cha 2 ndicho bora kuliko vyote, kina nyota kwenye programu ya AMD, kwa hiyo ndicho kinachotumwa juu kila mara. Anayesifiwa ndiye anayebebeshwa. Picha yake ya Machi, enzi ya BIOS ya zamani na jua kali, ilionyesha kiini hicho hakikupita 4.9. Lawama nimezigawa nusu kwa BIOS, nusu kwa msimu.

Saa 9 alasiri nikaanza kurekebisha. Kiini cha 2 kutoka kutoa 20 hadi kutoa 6. Cha 5 hadi kutoa 10. Vingine sita sikuvigusa, havina kosa. Dari ya kasi kutoka MHz 150 hadi 50. Volti ya SoC nikaandika kwa mkono, 1.1, ili tusiongee tena habari za Auto. Kisha CoreCycler, inayojaribu kiini kimoja kimoja huku vingine vimelala, dakika 6 kila kimoja. Jaribio la mzigo mzito halingelijua tatizo hili hata ulikimbize wiki.

Kiini cha 5 kilikosea hesabu dakika ya 4. Nikakipa afueni, kutoa 7, tukaanza upya.

Saa 10 na dakika 20 stima ikapotea jengo zima. Besi ya jirani ikakatika katikati ya neno, na UPS yangu, betri ya dharura, ikaanza kulia pii, pii. Nilizima mashine taratibu. "Wewe ulisasisha ukiwa na UPS?" nikamuuliza gizani. Kimya. "Sikuwa nayo." Bodi nyingi nilizozikuta zimekufa kabisa zilikatikiwa na stima katikati ya kuandika BIOS, na si zote zina kile kitufe cha nyuma cha kuandika BIOS upya.

Stima ilirudi baada ya robo saa, mashine ikiwa imepoa vizuri, kwa hiyo nilipewa bure jaribio nililokuwa nikilihitaji. Ikawaka. Viini vyote vikapita mzunguko mzima.

Kuanzia saa 11 na nusu jioni kazi ilikuwa kutazama kitu kisitokee. Dirisha wazi, kivinjari kinafunguliwa na kufungwa, kiini cha 2 kinaruka hadi 4.9 na kurudi kulala. Kijana alivaa kofia ya jaketi yake. Saa nzima, hakuna tukio hata moja. Tulipima na urendaji wake: klipu ya dakika 10 ilichelewa kwa sekunde 2. Akanung'unika kuhusu sekunde hizo. Sikumjibu.

Kabla ya kufunga kesi nilichukua kipande cha katoni ya chai, nikaandika kwa kalamu toleo la BIOS juu kabisa, halafu namba za kila kiini, na vile vipengele 9 kwa namba zake halisi, nikakibandika ndani ya kifuniko. M-Pesa ikalia, shuka likafungwa, boda ikaondoka kuelekea Kayole saa 1 kasoro dakika 10.

Saa 3 na nusu usiku nilikuwa nakula ndizi ya tatu ya mwalimu picha ilipoingia. Dirisha wazi, feni zinazunguka, WhatsApp imefunguka kwenye skrini, na yeye amejifunga lile shuka hadi puani. Chini ameandika: "Fundi, sasa ni mimi nazima."