Neno "Imekarabatiwa" katika Tangazo la Yoti

Jirani yangu wa South C, mzee aliyestaafu baada ya miaka mingi ya kukagua hesabu za watu wengine, alinipigia simu Jumapili moja alasiri akitaka nifike kwake nimtazamie kitu. Anajua kwamba nilizaliwa Matondoni, kijiji cha kisiwa cha Lamu ambacho mafundi wake huunda majahazi, na kwake yeye hilo linatosha kunifanya bingwa wa kila kinachoelea, ingawa nimekaa Nairobi miaka ishirini na moja na chombo pekee ninachokiendesha ni gari dogo nililolinunua Ngong Road. Nilimkuta sebuleni, kompyuta mapajani, kioo kimejaa picha ya yoti ya mbao: kiwiliwili cheupe, na juu yake nyumba ya msaji iliyopakwa vanishi hata ikawaka.

"Tazama, kijana wangu. Iliundwa mwaka 1936 huko Uskoti, na imekarabatiwa yote. Hawa hawajui wanachokiuza."

Tangazo lilieleza kwamba chombo kina urefu wa mita 15, kwamba mbao zake ni za msonobari juu ya mataruma, yaani mbavu za chombo, ya mwaloni, kwamba kina injini mbili za dizeli, vitanda sita, jiko na choo, na kwamba kimefungwa katika bandari ndogo ya mashariki mwa Uingereza. Bei yake haikuwa mbali na ya nyumba ya ghorofani ya vyumba viwili mtaani Kilimani. Picha zilikuwa arobaini na tatu, na nilizihesabu kwa makusudi, kwa sababu kati ya hizo zote ni moja tu iliyopigwa chini ya sakafu, na hiyo nayo ilikuwa ya injini zilizopakwa rangi mpya. Ngama, yaani pale chini kabisa ambapo maji hutuama na siri za chombo hukaa, haikuonyeshwa hata mara moja.

Sikumwambia hivyo mara moja. Nilimwacha kwanza asimulie, maana alikuwa na furaha ya mtu aliyeuza shamba lake la Kitengela na sasa anatafuta kitu cha kupendwa, si cha kukodishwa. Na kusema kweli, yoti za aina ile zinapendeka. Kati ya vita viwili vikuu watu wenye fedha za kadiri walianza kutaka boti ambayo mwenyewe angeweza kuiendesha pamoja na mkewe bila kuajiri kundi la mabaharia, na waundaji wakawapa vyombo vyembamba, vyenye omo, yaani sehemu ya mbele, iliyosimama wima na madirisha makubwa, vinavyokata maji kwa utulivu mahali ambapo boti za plastiki za leo hupigapiga kama sahani. Nyingi zilizaliwa na injini za petroli. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hushuka na kujikusanya ngamani ukisubiri cheche, na hiyo ni sababu mojawapo iliyofanya wamiliki wengi baadaye waing'oe petroli na kutia dizeli. Hii ya mzee ina Gardner mbili za Manchester, aina ya injini ambayo Waingereza waliitia pia kwenye mabasi na malori yao, inayozunguka polepole, isiyo na pupa ya mafuta, na yenye sifa ya kudumu. Hapo nilimpongeza bila unafiki.

Kisha tukafika kwenye sentensi iliyomnyima usingizi. Tangazo lilisema kwamba yoti hiyo "inaaminika" kuwa ilikuwapo Dunkirk. Kati ya tarehe 26 Mei na 4 Juni 1940 askari 338,226 waliozingirwa na Wajerumani waliokolewa kutoka ufuo huo wa Ufaransa, na pamoja na manowari zilikwenda mamia ya boti za watu binafsi, zikiwamo yoti za starehe. Charles Lightoller, aliyekuwa afisa wa pili wa Titanic, aliipeleka mwenyewe yoti yake iitwayo Sundowner na kurudi na watu wapatao 130 waliobanana humo. Historia ya namna hiyo hupandisha bei, na ndiyo maana neno "inaaminika" halinitoshi. Tangu mwaka 1966 kipo chama cha vyombo hivyo vidogo vya Dunkirk, na chama hicho huchunguza madai kabla ya kukipokea chombo. Kwa hiyo ama yoti imo katika orodha yake ama haimo, na ikiwa haimo, mnunuzi asilipie imani ya mwenye kuuza. Mzee, ambaye maisha yake yote alikataa risiti zisizo na muhuri, alikunja uso kidogo na kuandika jambo hilo kwenye daftari lake.

Usiku ule nilimpigia simu ami yangu wa Matondoni, ambaye mikono yake imeunda mashua nyingi kuliko nilizowahi kupanda. Baada ya shikamoo na habari za watoto nilimsomea tangazo, nikilitafsiri nilivyoweza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: "Mkuku wametazama?" Mkuku ni uti wa mgongo wa chombo, ile boriti ndefu ya chini kabisa. Nilimwambia halikusemwa. "Basi wamepaka rangi," akasema, na akaanza kuniuliza habari za mvua za Nairobi.

Jibu lake ni kali kuliko haki, lakini ndani yake ndimo lilimo jambo ninalotaka kulieleza hapa. Ukarabati wa chombo cha mbao ni wa tabaka, na tabaka la juu ndilo rahisi kuliona na rahisi kulifanya. Vanishi hupigwa msasa na kupakwa upya mara saba au nane, shaba husuguliwa, mito ya viti hushonwa, na mtu yeyote mwenye subira anaweza kuyafanya hayo katika majira mamoja ya baridi. Chini ya hapo zipo mbao za ubavuni na kalafati, yaani pamba inayogongwa katika nafasi kati ya ubao na ubao kisha kuzibwa kwa lami au chokaa maalumu. Chini zaidi yapo mataruma, ambayo katika yoti za aina hii huwa ni ya mwaloni uliopikwa kwa mvuke na kupindwa, na ambayo huvunjika palepale yalipopindwa sana, karibu na ngama, mahali ambapo hakuna mgeni anayepiga picha. Na chini ya yote upo mkuku pamoja na bolti zake. Mwaloni una asidi inayokula chuma. Kama waundaji walitumia chuma badala ya shaba, bolti iliyoingia ikiwa nene kama kidole gumba huweza kutoka ikiwa nyembamba katikati kama kalamu, huku kichwa chake kimeketi mahali pake kama hakuna kilichotokea.

Kwa hiyo nilimweleza mzee asubuhi yake kwamba "imekarabatiwa" bila tarehe, bila jina la karakana na bila bili ni sifa tu, sawa na ile ya muuza gari anayekwambia liliendeshwa na mama mmoja kwenda kanisani. Anayekarabati kwa kweli huwa na picha mbaya: chombo kiko chelezoni, yaani kimepandishwa mahali pa kutengenezwa, ubavu uko wazi, mataruma mapya meupe yamesimama kando ya yale ya kale meusi, mbao zilizotolewa zimelala chini. Picha hizo hazivutii, lakini ndizo ninazozitaka. Waamuzi wa magari ya kale katika Concours d'Elegance ya pale Ngong Racecourse huinama na kutazama chini ya gari kabla ya kusifia rangi yake, na mzee amehudhuria mashindano hayo mara kadhaa, kwa hiyo mfano huo ulimwingia kuliko maelezo yangu yote ya mkuku.

Alitaka kujua mtu hukaguaje. Chombo hupandishwa nchi kavu, na mkaguzi anayelipwa na mnunuzi, si na dalali, hukizunguka na kigongo kidogo akigonga kila futi. Ubao mzima hulia. Uliooza hutoa sauti butu kama papai lililoiva. Huchoma kwa ncha ya bisibisi mahali panapotiliwa shaka, hupima unyevu, na, likiwa jambo la maana kuliko yote, huomba ruhusa ya kung'oa misumari michache na bolti mbili tatu za mkuku azitazame kwa macho. Muuzaji akikataa hilo, amekwisha kujibu. Kuoza hakuanzii baharini kama wengi wanavyodhani, kwa sababu maji ya chumvi huuhifadhi ubao, na ni maji ya mvua yanayouozesha. Basi pembe za nyumba ya sitaha, chini ya madirisha na sehemu za tezi, yaani nyuma ya chombo, zisizopata hewa ndizo za kuchokolewa kwanza.

Upande wa karatasi ulimfurahisha, maana huo ndio uwanja wake. Chombo kilichoandikishwa Uingereza kwa kanuni za zamani huhesabiwa kuwa na hisa 64, na hisa hizo zinaweza kumilikiwa na watu mbalimbali, kwa hiyo mnunuzi lazima ahakikishe kwamba anauziwa zote 64 na kwamba hakuna rehani iliyobaki juu yake. Namba rasmi ya usajili huchongwa katika boriti kuu ndani ya chombo. Mzee alicheka aliposikia hilo, akasema ni kama namba ya chesesi na logbook ya gari, na kwamba yeye angeanza hapo.

Tatizo lilikuja alipotamka mpango wake, ambao alikuwa ameuficha mpaka wakati huo: kuileta yoti Mtwapa, kaskazini ya Mombasa.

Bahari yetu inaye mdudu ambaye si mdudu. Hutoboa mbao za vyombo, wanasayansi humwita Teredo, naye kwa hakika ni jamaa ya chaza, mwenye magamba mawili madogo kichwani ambayo huyatumia kutobolea ubao. Huingia akiwa mdogo kama punje, na tundu lake la nje halionekani, ilhali ndani anakua na kuufanya ubao kuwa kama mkate. Anataka chumvi, na maji ya vuguvugu humharakisha. Meli ya Vasa ya Sweden ilizama Stockholm mwaka 1628 na ikatolewa mwaka 1961 ikiwa bado na umbo lake kwa sababu bahari ya Baltic ina chumvi kidogo mno kwa Teredo. Mtwapa si Baltic. Kwetu Lamu chombo hupwelezwa ufuoni kila baada ya muda, tumbo lake hupitishwa moto wa makuti ili kuwaua waliokwisha kuingia, kisha hudeheniwa, yaani hupakwa mchanganyiko wa shahamu na chokaa, na mbao za juu hupakwa sifa, mafuta ya papa yenye harufu ambayo hakuna mgeni wa yoti atakayeivumilia. Kazi hiyo haina mwisho, na inawezekana kwa sababu mwenye jahazi yupo palepale na chombo chenyewe ni kinene, kimeundwa ili kilazwe mchangani. Yoti ya mita 15 yenye rafadha (propela) mbili chini yake hailazwi mchangani.

Kabla ya hapo ipo safari. Ikipakiwa juu ya sitaha ya meli ya mizigo na kupita Bahari ya Shamu ikiwa kavu juani kwa majuma kadhaa, mbao zitasinyaa, nafasi zitafunguka, na siku itakaposhushwa Kilindini itakunywa maji kama kikapu mpaka zifure tena, kama zitafura sawasawa. Forodha nayo itakadiria thamani pamoja na nauli na bima, kisha juu ya ushuru iongeze kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16. Na jua la pwani litaila ile vanishi iliyomvutia mzee katika miezi michache tu. Haya yote nilimwambia kwa upole, maana nilimwona akitazama dirishani kuelekea bustani yake, na nilijua kwamba moyoni alikuwa amekwisha kuifunga pale Mtwapa na kunywa chai tezini.

Alikaa kimya kitambo. Kisha akauliza, kwa sauti ya mkaguzi, kama ningeinunua mimi iwapo ingebaki hukohuko iliko. Nilisema ningeinunua, kwa masharti: mkuku uwe umefunguliwa, karakana ijulikane, Dunkirk iondolewe katika bei mpaka chama kiithibitishe, na kila mwaka itengwe sehemu ya kumi ya bei kwa matengenezo, maana ndivyo wenye boti huko husema na sijaona sababu ya kuwabishia. Mtu wa Nairobi anaweza kuwa na yoti Uingereza kama anavyoweza kuwa na ng'ombe kijijini. Huwaoni kila siku, ila unamlipa mchungaji.

Tuliandika barua pamoja jioni ile, yeye akiamuru na mimi nikichapa, maswali matano kwa mpangilio. Jibu la dalali lilifika Jumatano. Bili za vanishi, mapazia na shaba zilikuwa kurasa kumi na moja, zimepangwa vizuri. Bili za injini zilikuwapo, nzuri, zenye tarehe. Kuhusu Dunkirk hakukuwa na hati. Kuhusu bolti za mkuku dalali aliandika kwamba mwenye chombo "hakumbuki kuzitoa" katika miaka kumi na minne aliyokuwa nayo, lakini hapingi zikitolewa kwa gharama ya mnunuzi.

Mzee alilisoma jibu hilo mara mbili, akavua miwani. Alisema mtu anayekubali bolti zake zing'olewe huenda ni mkweli asiyejua tu, na kwamba mwezi wa Juni anakwenda kumwona binti yake London, kwa hiyo atapita. Ameniomba nimtafutie bisibisi nzuri ya ncha nyembamba pale Kirinyaga Road, isiyopinda.