Spea orijino ya miaka ya sitini kwenye ndege yako

Kwa ndege ndogo ya zamani inayolala nje hapa Dar es Salaam, uliza kwanza umri wa kipuri na karatasi zake. Jina la kiwanda lije baadaye. Spea orijino iliyochoka ni hatari kuliko mpya ya kampuni nyingine yenye kibali cha PMA, yaani ruhusa ya mamlaka ya anga ya Marekani ya kutengeneza vipuri.

Chukua nguzo za mabawa za Piper Super Cub. Zile za awali ni mabomba ya chuma ambayo hayakuzibwa. Unyevu unaingia, unatuama upande wa chini, kisha kutu inakula kutoka ndani huku rangi ya nje inang'aa. Hewa yetu ya chumvi inaongeza kasi. Fundi akwangue rangi sehemu ya chini, abonyeze kwa kipimo cha Maule, kifaa cha mkononi chenye ncha na skeli ya nguvu, hadi kisome 80. Chuma kikibonyea hata kidogo, nguzo haifai tena. Ukaguzi huo unarudiwa kila miezi 24, ndiyo maana mimi naona ni heri kununua nguzo zilizozibwa kabisa. Angalia pia uma wa chini, kipande cha skrubu kinachoshika mwisho wa nguzo: nyuzi zake zilizochongwa kwa kukata chuma hupata nyufa kwa urahisi kuliko zilizofinyangwa kwa kuviringishwa.

Mipira ni habari nyingine. Hosi ya mafuta au oringi (pete ya mpira ya kuzuia uvujaji) iliyokaa stoo miaka mingi hukakamaa hata kama pakiti haijafunguliwa. Soma tarehe ya kutengenezwa: 1Q09 ni robo ya kwanza ya 2009.

Kwenye Cessna, pima matundu ya reli ya kiti. Tundu likizidi inchi 0.42, reli ibadilishwe. Pini isiposhika vizuri, kiti kinateleza nyuma wakati wa kuruka, rubani anavuta usukani bila kutaka, na pua inanyanyuka.

Tafadhali, bolti za gari kutoka Gerezani zisikaribie ndege. Bolti ya AN ya chuma, yaani ya kiwango cha ndege cha Marekani, ina alama ya msalaba au nyota kichwani. Ile ya gari, hata ikiwa ngumu zaidi, inaweza kukatika ghafla bila kupinda kwanza.

Kabla ya kulipa, dai karatasi ya kuthibitisha kipuri, yaani Fomu 8130-3 ya Marekani au Fomu 1 ya EASA (mamlaka ya anga ya Ulaya), kisha linganisha namba ya kipuri na katalogi kwa namba ya kiwandani (serial) ya ndege yako yenyewe. Modeli moja ilibadilishwa vipuri kadiri miaka ilivyokwenda. Muuzaji akikosa karatasi, usinunue, hata bei ikiwa nusu.