Jinsi nilivyotatua madai yaliyorudishwa ya miwani ya nguvu nyingi

Nikiwa Tanga, huandaa kwa intaneti madai ya bima ya kliniki moja ya macho iliyoko Marekani, ambako madai ya miwani ya lenzi zisizo na mstari, yaani zile ambazo nguvu yake hubadilika taratibu kutoka mbali hadi karibu, yalikuwa yakirudishwa mara kwa mara.

Fomu ya kliniki ilijaza yenyewe 92341, msimbo wa kumwekea mgonjwa miwani ya sehemu mbili, ilhali msimbo wa kuweka miwani yenye nguvu zaidi ya mbili, kama hizi zisizo na mstari, ni 92342. Nadhani chanzo kilikuwa lenzi zenyewe: Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani, hutaka lenzi hizo ziandikwe kwa msimbo wa lenzi ya kawaida ya sehemu mbili au tatu, kisha V2781, msimbo wa lenzi isiyo na mstari, iongezwe kwa ajili ya tofauti ya gharama, na anayeona V2200, ambao ni msimbo wa lenzi ya sehemu mbili, hudhani kwa urahisi kwamba na huduma ni ya sehemu mbili.

Niliomba fomu itenganishe huduma na bidhaa, kwa kuwa huduma ni kupima uso, kuandika maelekezo ya maabara na kurekebisha miwani mwishoni, na lenzi hudaiwa peke yake. Nikaongeza swali kuhusu upasuaji wa mtoto wa jicho: aliyeondolewa lenzi ya asili na asiye na lenzi kabisa machoni huandikiwa 92353, msimbo wake maalumu wa miwani ya nguvu nyingi, lakini aliyepandikizwa lenzi ya bandia (na hao ndio wengi) hubaki na 92342. Madai yaliyosahihishwa yalilipwa.