Mfupa uliohamishwa na mizizi yake
Leo nimetoka Katindo hadi Birere kwa miguu yangu miwili, bila magongo. Anayejua mawe ya volkano ya Goma ataelewa.

Chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, iliyojaa makaa ilinipondaponda mguu. Usaha ukala mfupa, kipande kikatolewa. Kwanza waliniwekea mfupa wa nyonga, ukayeyuka kama sukari kwenye chai. Huko Kampala daktari akasema: ule ulikuwa kijiti kikavu, huu tunauhamisha na mizizi yake. Wakakata kipande cha fibula, mfupa mwembamba wa pembeni ya muundi, pamoja na mishipa yake ya damu, wakaiunga mguuni chini ya hadubini kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Mfupa ukabaki hai, ukashikana kama unavyoshikana uliovunjika tu.

Ulikuja na kiraka cha ngozi, dirisha lao la kuchungulia damu. Usiku kucha nesi alikibonyeza kwa kidole, akangoja rangi irudi. Na weusi wangu huu! Kila mara nikamuuliza, "Mama, umeiona kweli?"

Mwenye chukudu, deni lako la viatu bado nalikumbuka.