Milango Iliyofungwa ya Laini Saba

Mapema 2009, miezi kadhaa kabla ya sensa, nilipata kibarua cha kuhoji watu Kibera, mtaa wa mabanda jijini Nairobi. Waliotuajiri walitaka kukadiria idadi ya wakazi. Enzi hizo ukitaja Kibera, mtu anakujibu papo hapo kwamba wako milioni moja, kana kwamba aliwahesabu mwenyewe.

Mpango ulionekana mwepesi. Picha za setilaiti zingeonyesha mapaa ya mabati, sisi tulete wastani wa watu kwa chumba, kompyuta izidishe. Tuliagizwa kubisha kila mlango wa kumi. Ukiukuta umefungwa, bisha wa jirani.

Lakini saa nne asubuhi Laini Saba, kijiji kimoja cha Kibera, utamkuta nani nyumbani? Akina mama na watoto. Makapera walikuwa wameondoka alfajiri, wakifuata reli kwa miguu kwenda kutafuta vibarua Industrial Area. Kwenye ploti moja msimamizi, mzee aliyekuwa akinitazama muda mrefu, aliniita.

"Kijana, hapo ulipopita analala mtu mmoja. Hapo pia mmoja. Kile cha mwisho ni stoo ya makaa. Mbona unamwandika huyu mama wa watoto watano peke yake?"

Jioni nilimpelekea mkuu wetu maneno hayo. Akasema sampuli ni ndogo, tuiongeze maradufu. Tulibishana. Makosa ya bahati hupungua sampuli ikikua, ingawa polepole: ili kosa lishuke kwa nusu, lazima uhoji watu mara nne zaidi. Kosa la kukosa watu wa aina moja halipungui hata kidogo. Ungehoji Kibera nzima mchana, yule kapera bado angekuwa kazini. Tuliongeza maradufu hata hivyo. Yeye ndiye aliyekuwa akilipa.

Sensa ilihesabu watu pale walipolala usiku wa Agosti 24 kuamkia 25. Matokeo yalipotoka Agosti 2010, Kibera ilikuwa na watu 170,070. Mkuu wetu alicheka, akasema serikali haijui kuhesabu. Na kweli alikuwa na pa kushikia: siku hiyohiyo waziri wa mipango, Wycliffe Oparanya, alifuta matokeo ya wilaya nane za kaskazini kwa sababu idadi zilikuwa zimefura kupita kiasi. Nikamwambia hizo ni za Mandera, Wajir na Turkana. Za Laini Saba tumwulize yule mzee wa ploti.