Jumatatu ya Mwalimu wa Historia, Siku Moja Baada ya Kurudi kutoka Bagamoyo

Saa 11 alfajiri
Naamka kabla ya adhana, miguu bado mizito. Jumamosi nilikuwa Bagamoyo na wanafunzi 28 wa Kidato cha Tatu, jana usiku kosta imetushusha hapa kwetu Mpwapwa, mkoani Dodoma, na leo kuna vipindi kama kawaida. Nakung'uta viatu mlangoni, mchanga mweupe wa pwani unamwagika juu ya vumbi letu jekundu. Nimefundisha Historia miaka tisa. Miaka yote tisa nimeiandika Bagamoyo ubaoni bila kuwahi kuiona kwa macho yangu, na hilo lilinisumbua kuliko nilivyowahi kumwambia mtu.

Saa 12:40 asubuhi
Upepo kutoka milima ya Kiboriani ni wa kukata masikio. Njiani nakutana na mama wa mwanafunzi wangu mmoja, ndoo ya maji kichwani. Aliuza debe mbili za karanga ili binti yake alipiwe nauli.
"Mwalimu, za safari?"
"Nzuri, mama. Binti amefika salama?"
"Amefika. Hajalala, wala sisi hatukulala. Amemletea bibi yake bahari kwenye chupa."
Namwahidi kupita jioni.

Saa 2:40 asubuhi
Kipindi chenyewe. Ubaoni nachora mstari mmoja, kutoka kulia kwenda kushoto: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara kule Tabora, Ujiji. Karibu kilomita 1,200. Hii ndiyo njia kuu ya misafara ya pembe za ndovu na watumwa, na mwaka 2006 Tanzania iliiweka kwenye orodha ya awali ya UNESCO ya maeneo inayoyapendekeza yawe Urithi wa Dunia. Mpwapwa imo kwa jina lake. Darasa linanyamaza. Nadhani walizoea kuona historia kama kitu kinachotokea kwa watu wengine.

Nawauliza walichokumbuka kuliko vyote. Wengi wanataja mnara.

Ule mnara uko kwenye misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa na mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1868. Ni mnara wa kanisa la zamani, mfupi kuliko walivyoutarajia, na watu huuita Mnara wa Livingstone. Tulisimama chini yake kwenye jua kali, mmoja wa wavulana akauliza: "Madamu, Livingstone aliishi humu?"

Hakuishi. Livingstone, mmisionari na mvumbuzi wa Kiskoti, aliletwa akiwa maiti, Februari 1874, akalazwa hapo kabla ya kupelekwa Zanzibar na kisha Uingereza. Alifariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo. Watu wake wakauzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili juani, wakaufunga kwa kitambaa na gome la mti, kisha wakaubeba miezi tisa hivi hadi pwani. Walioongoza kazi hiyo ni Chuma na Susi. Jacob Wainwright, aliyejua kusoma na kuandika, alichonga jina la marehemu kwenye mti ule. Alikuwamo pia Halima, mpishi. Baada ya Tabora, wenyeji wa njiani walipokataa maiti ipite kwao, walitengeneza mzigo wa uongo wakaurudisha nyuma kana kwamba wameghairi, na mwili wenyewe wakaufunga upya ufanane na mtumba wa nguo. Ndivyo ulivyoshuka pwani, katikati ya mitumba mingine.

Nimelisema hili darasani na nalisema tena hapa: mnara ule ungeitwa wa Chuma na Susi nisingeona ajabu. Livingstone alipita pale amebebwa. Waliotembea ni wao. Kwenye mazishi ya Westminster Abbey, Aprili 18, 1874, Wainwright alikuwepo, lakini Chuma na Susi walifika Uingereza baada ya kaburi kufunikwa. Kila nikifika sehemu hiyo sauti yangu hubadilika, na wanafunzi wameshalijua hilo.

Msichana wa dawati la mbele anaandika majina manne kwenye daftari na kuyapigia mstari. Halima ameandikwa wa kwanza.

Saa 4
Chai na mihogo ya kukaanga. Mwalimu wa Jiografia anataka kujua kwa nini mji uliokuwa makao makuu ya Wajerumani una magofu mengi hivyo. Namweleza kwamba mwaka 1891 makao yalihamia Dar es Salaam, kwenye bandari yenye kina. Yeye mwenyewe anamalizia: reli ya kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma 1910 na Kigoma 1914. Baada ya hapo nani tena abebe mzigo begani kwenda Bagamoyo? Na reli hiyo, anasema, ilipita Gulwe, si hapa mjini kwetu. Kwa hiyo Bagamoyo na Mpwapwa ziliachwa kando kwa pamoja. Nilikuwa sijawahi kuziweka pamoja hivyo.

Saa 5:20
Natoka na darasa uwanjani. Stoo wamenikopesha mizani na gunia, tumepima mahindi kilo 32. Pagazi wa Kinyamwezi alibeba kiasi cha frasila mbili, na frasila moja ni kama kilo 16. Juu ya hapo alikuwa na mkeka wake, sufuria na chakula.

Kijana mrefu kuliko wote, golikipa wetu, analitwika begani huku wenzake wakimpigia makofi. Mzunguko wa kwanza anacheka. Wa pili ameacha kucheka. Wa tatu anafika nusu, anasimama, anahamishia bega la pili, na makofi yanakatika yenyewe. Analiachia gunia chini kwa kishindo na kukaa juu yake, kimya.

Hapo ndipo nawauliza maana ya jina. Jumamosi tulisimuliwa kwamba Bagamoyo ni "bwaga moyo". Kwa pagazi, ni kuutua moyo pamoja na mzigo, kwa kuwa safari imekwisha. Kwa mtumwa aliyekuwa anangoja jahazi la Zanzibar, ni kuutupa moyo hapo hapo, maana hatarudi. Watu hubishana ipi ni ya kweli. Mimi naamini mchanga ule ulizisikia zote mbili, tena pengine siku moja, kwa watu waliofika katika msafara mmoja.

Golikipa ananyanyua kichwa: "Madamu, na hapa Mpwapwa walitua?"

Walitua. Hapa palikuwa na maji na chakula, na mbele yao, upande wa magharibi, kulikuwa na nyika kavu ambayo wasafiri wa zamani waliiandika Marenga Mkali. Ukiivuka unaingia Ugogo, ambako watemi walitoza hongo, yaani ushuru wa njia, ya nguo na shanga ndipo msafara upite. Msafara uliotoka hapa bila kujaza maji ulikuwa unajitafutia kifo. "Marenga" haikuhitaji kamusi. Nusu ya darasa ni Wagogo, wakajibu kwa pamoja: malenga, maji.

Saa 8 mchana
Makande, kisha kusahihisha. Insha 28 za safari. Nyingi zimeeleza bahari, tatu zimeeleza magofu ya Kaole na msikiti wake wa karne ya 13. Moja nimeisoma mara mbili: ni ya kijana aliyeandika ukurasa mzima kuhusu Hukwe Zawose, mwanamuziki Mgogo wa Dodoma aliyeishi Bagamoyo na ilimba yake, ala ya Kigogo inayopigwa kwa vidole gumba, hadi kufariki kwake mwaka 2003. Anasema alipoambiwa hivyo alijisikia ana ndugu pale.

Saa 11 jioni
Napita nilikoahidi. Bibi amekaa kwenye kigoda akipepeta uwele.
"Shikamoo, bibi."
"Marahaba, mwanangu. Karibu mwalimu. Ndiyo wewe uliyewapeleka?"
Binti anatoka ndani na chupa ya maji ya nusu lita. Maji yameanza kutulia, chini pamebaki chembe za mchanga. Bibi anaiinua kuelekea jua linalozama, anaitikisa, anaangalia tena. Hajawahi kufika pwani. Anafungua kizibo, anachovya kidole, anakiweka ulimini. Uso unakunjamana.

"Malenga makali," anasema, na kumrudishia mjukuu wake chupa.

Binti ananitazama.