Kiu ya mtoto wa dada yangu

Leo mchana, Ramadhani ikiwa siku ya tisa, nimemwekea mtoto wa dada yangu jagi la maji mbele ya watu wote wa nyumba yetu hapa Wete. Mwaka juzi, mbele ya watu hao hao, nilimkemea kwa kumkuta nyuma ya mtungi akinywa kwa kujificha, nikidhani ni utovu wa adabu, na bado linaniuma.

Maradhi yake ni ya figo. Figo za mtu mzima huchuja takriban lita 180 za majimaji kila siku na karibu yote huyarudisha mwilini. Sehemu ya mwisho ya kazi hiyo hufanyika kwa amri ya homoni ya vasopresini itokayo ubongoni, ambayo huzifanya zifungue vijia vidogo vya maji viitwavyo akuaporini. (Ugunduzi wa vijia vya namna hiyo ndio uliompatia Peter Agre wa Marekani Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2003.) Kwa mtoto wetu homoni ipo, bali kipokezi chake kwenye figo, yaani sehemu inayopokea amri yake, ni kibovu, hivyo maji humtoka muda wote, na kiu ndiyo kinga yake. Kumnyima maji ni kumhatarisha.

Jeni ya kipokezi hicho, AVPR2, imo katika kromosomu X, mmojawapo wa nyuzi za urithi zilizomo ndani ya seli. Mwanamume, kama mtoto wetu, anayo X moja tu, kwa hiyo ikiharibika hana ya akiba. Mwanamke anazo mbili, na kila seli yake huinyamazisha moja tangu yungali tumboni mwa mama yake. Ndiyo maana wengi wanaoibeba hitilafu hii hawaugui, ingawa wapo ambao X isiyo na hitilafu ndiyo iliyonyamazishwa kwa wingi, nao wakaishi na kiu isiyokatika.

Nikisoma hayo namkumbuka marehemu mama, aliyekuwa halali bila gudulia la maji ubavuni, akiamka usiku mara kwa mara. Mimi na dada tumelala tumbo moja. Yeye alirithi X yenye hitilafu nami nikapata nzima, na hakuna aliyechagua. Kwa hiyo siwezi kuvumilia jamaa wanaosema kwamba dada ndiye aliyemponza mwanawe.

Sasa chumvi tumempunguzia, ng'onda hali tena, na hutumia kidonge ambacho wengine hupewa ili wakojoe zaidi, ilhali yeye humpunguzia mkojo. Shuka zake zimeanza kuamka kavu.

Dada yake ana miaka 13, na uwezekano wa kuibeba jeni ile ni nusu kwa nusu. Jana baada ya tarawehe alinijia barazani akauliza, "Mjomba, na mimi naweza kupimwa?" Nimemwahidi kwamba baada ya Idi tutakwenda pamoja, yeye, mama yake na mimi.